Navi ya Kijapani, redio ya Android au simu kwenye holda: gari yako ya kutoka Japani uiwekee nini?

Kila gari ya ndugu au jirani ikitoka bandarini napigiwa simu, na swali ni lile lile. Gari imewashwa mara ya kwanza, dada wa ndani ya dashibodi ameanza kuongea Kijapani, kwenye skrini kuna ramani safi kabisa ya mitaa ya Japani, sasa mwenye gari anataka kujua aing'oe hii navi, yaani skrini ya ramani iliyokuja na gari, afunge redio ya Android au aiache kama ilivyo atumie simu. Mi nimepita kote huko. Toyota Fielder yangu ya kwanza niliiacha na navi yake karibu mwaka mzima, nikaitoa nikafunga Android, nikajuta, nikarekebisha, na gari niliyonayo sasa hivi nimeifanyia uamuzi mwingine, kwa hiyo naandika nilichokiona kwa macho na kukishika kwa mikono. Msimamo wangu nausema mapema kabisa: usianze na ukubwa wa skrini, anza na swali moja tu, watu wakitaka kukuelekeza kwao wanakuelekezaje?

Tuanze na ile iliyokuja na gari. Gari nyingi za watu wa kawaida kwetu ni mtumba wa Japani, na navi zake zilitengenezwa kwa ajili ya Japani peke yake, siyo kwamba ramani ya Afrika imesahaulika kwenye kadi ukanunue nyingine, hapana, lugha, ramani, redio, televisheni, vyote ni vya kule kule. Ukiiegesha gari nje ikashika satelaiti unaona mshale uliokuwa umeganda kwenye mtaa fulani wa Japani unahamia kwenye eneo tupu la rangi moja, maana GPS inajua uko wapi ila ramani haina kitu cha kukuonyesha hapo ulipo. Na yule dada anachosema kila ukiwasha gari, ambacho wengi wanadhani ni salamu, anasema kadi ya ETC haijawekwa, yaani kadi ya kulipia barabara za tozo za Japani. Hiyo wala siyo navi, ni kiboksi kidogo pembeni kiko chini ya usukani au ndani ya droo ya dashibodi, kinachomolewa plagi yake na anakaa kimya, kazi ya dakika chache, usikubali mtu akung'olee redio nzima kwa sababu ya huyo dada.

Halafu kuna saa. Navi inachukua saa kutoka satelaiti na kuipanga kwa majira ya Japani ambayo yako mbele yetu kwa saa 6, na nyingi hazikubali uibadilishe. Mi nilikuwa kila nikitazama napiga hesabu natoa sita, mpaka siku mama alipopanda asubuhi nikampeleka kliniki, akatazama skrini akasema mbona hii saa iko sawa, saa mbili na dakika kumi. Kweli ilikuwa imeandika 2:10. Dar ilikuwa 8:10 asubuhi, Japani 14:10, navi inahesabu kwa kumi na mbili kumi na mbili, kwa hiyo inaandika saa mbili kama tunavyoitaja sisi. Tangu siku ile sikuigusa tena ile saa.

Redio ndiyo inayoumiza zaidi kuliko ramani. FM ya Japani inaanzia 76 inaishia 90, gari za miaka ya karibuni zinafika 95, wakati stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108, kwa hiyo unapata zile chache za chini tu. Dawa yake ni ekspanda, kale kadude kanachochomekwa kwenye waya wa antena nyuma ya redio, kanashusha masafa, kama yako inashusha 20 basi stesheni ya 100.5 utaitafuta kwenye 80.5. Ni rahisi na inafanya kazi, ila ujue stesheni za chini, tuseme 89 hivi, zinapotea ekspanda ikiwa imewaka, kuna watu wanafungiwa wanafurahi kupata za juu halafu wanashangaa ile ya mwanzo waliyoizoea imeenda wapi. Televisheni sahau kabisa, mfumo wa dijitali wa Japani siyo huu wetu, tangazo la kuuza gari likisema ina TV usiongeze hata shilingi.

Sasa kitu kinachowafanya watu wengi wabadilishe hata kama hawakupanga ni kufunga, nina maana navi kujifunga. Toyota nyingi zenye navi za kadi, zile za namba zinazoanzia NSZT na wenzake, zinataka kadi ya SD ya ramani iwepo ndani muda wote, kadi ikitoka hata redio haiimbi, skrini inabaki inadai kadi kwa Kijapani. Na gari nyingi zinafika mkononi mwako kadi haipo, kwa hiyo siku ya kukabidhiwa gari kitu cha kwanza bonyeza kitufe cha kufungua skrini, tazama kama kadi imo, iache hapo hapo, usiichomoe ukaweka nyimbo zako. La pili ni betri. Ukibadilisha betri gari ikakosa umeme, baadhi ya navi zinaamka na kuomba namba ya siri, ile wanayoita ERC kodi, na hiyo inatafutwa kwa kutumia serial namba ya mashine yenyewe. Kuna mafundi Kariakoo na kule Nairobi wanafungua kwa hela siyo nyingi, ila ni usumbufu ambao ungeuepuka kwa kumwambia fundi aunge betri nyingine kwa waya za busta wakati anabadilisha ili umeme usikatike.

Baada ya lawama zote hizo sasa niseme haki yake, maana navi ya kiwandani inatukanwa bure na watu wanaouza redio. Imekaa kwenye dashibodi utadhani gari ilizaliwa nayo, ndiyo imezaliwa nayo, haina mwanya, haitetemeki kwenye rasta. Vitufe vya usukani vinaiongoza. Kamera ya rivasi inawaka papo hapo ukiweka gia, haisubiri. Sauti ya spika imepimwa kwa ajili ya gari hiyo, na kama gari yako ina amplifaya ya kiwandani, kama Harrier zenye JBL, kuitoa redio ni operesheni. Haigandi, haikuombi apdeti. Na hata GPS yake kitaalamu ni bora kuliko ya simu, kwa sababu imeungwa kwenye waya wa spidi ya gari na ndani ina jairo, kadude ka kuhisi gari inapokata kona, satelaiti zikipotea inaendelea kujua umetembea mita ngapi na umekata kona upande gani. Laiti ingekuwa na ramani yetu nisingeandika haya yote.

Gari zilizotoka Uingereza, hizi Range Rover, BMW na Benz, hadithi yake ni fupi. Lugha ni Kiingereza, FM inashika zote, ila ramani ni ya Ulaya, kwa hiyo kwa njia za huku matokeo ni yale yale. Hizo msiguse skrini kabisa, zimeungana na mambo mengi ya gari, ukiing'oa unapoteza hata mipangilio ya kiyoyozi. Weka simu.

Sasa turudi kwenye lile swali langu la mwanzo. Kulikuwa na msiba wa upande wa mke wangu, Goba, mi natoka kazini usiku, Fielder ina navi yake ya Kijapani inang'aa, simu iko kwenye kiti. Nafika Goba senta nampigia shemeji.

"Shemeji, nimefika senta, naona hadwea mkono wa kushoto."

"Ah shemeji, hadwea hapo zipo nyingi, kata simu nakutumia lokesheni."

Lokesheni ikaja WhatsApp. Nikaifungua, ramani ikanichorea njia, nikaibana simu katikati ya mapaja, nashuka kile kilima cha vumbi na mashimo jicho moja barabarani jicho moja pajani, simu inateleza inaingia chini ya kiti, nasikia tu sauti inasema pinda kulia, kulia kwenyewe kuna njia mbili na moja imeziba kwa mchanga wa mtu anayejenga. Nilisimama katikati ya giza nikainama kuitafuta simu, bodaboda akapita pembeni yangu karibu anigonge taa. Siku hiyo ndiyo nilielewa tatizo liko wapi. Kwetu mtu hakupi jina la mtaa na namba ya nyumba uandike, hata baada ya ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022 watu bado wanakutumia pini, yaani hiyo lokesheni ya WhatsApp, msiba pini, harusi pini, mteja wa mzigo pini, fundi wa friji anataka pini. Navi ambayo haiwezi kupokea pini ya WhatsApp, hata ingekuwa na ramani ya Tanzania nzima kwa Kiswahili, ungebaki unaitazama simu. Kwa hiyo swali la kweli ni namna gani simu yako iongoze gari vizuri na kwa usalama, na hapo ndipo ulinganisho unapoanza kuwa na maana.

Njia ya kwanza ni redio ya Android, skrini kubwa ya inchi 9 au 10 inayokaa mahali pa navi ya zamani na fremu yake ya plastiki ya aina ya gari yako. Inaendesha Google Maps yenyewe, inataka intaneti, unaipa hotspoti ya simu au unanunua yenye sehemu ya laini. Hapa wengi wanajikwaa: pini imekuja kwenye simu, ramani iko kwenye redio. Kuihamisha unaweza ukaweka akaunti moja ya Google kote kote, uihifadhi kwenye simu uikute kwenye redio, lakini usiku, mvua inanyesha, shemeji anapiga, hufanyi hayo. Kinachofanya kazi ni CarPlay ya iPhone au Android Auto, vitu vilivyoanza kuingia kwenye magari 2014 na 2015, ambapo simu inabaki kuwa ndiyo ubongo na skrini inaonyesha tu. Unagusa pini kwenye simu, njia inatokea kwenye skrini kubwa, simu unairudisha mfukoni. Redio nyingi za Android siku hizi zina programu ya kufanya hivyo ndani yake, ila muulize muuzaji akuonyeshe kwa simu yako wewe hapo hapo dukani, maneno ya boksi usiyaamini.

Na boksi lina maneno mengi. Skrini za bei ya chini zinaandika Android ya juu na RAM kubwa, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ukiingia ndani ni chipu ya zamani yenye GB 1 au 2 iliyopakwa rangi, ukifungua ramani na muziki pamoja inaanza kuvuta miguu. Mi kipimo changu ni rahisi, naweka Google Maps, natembeza ramani kwa vidole viwili huku wimbo unaimba, halafu naweka rivasi. Kamera ikichelewa kutokea, siichukui hata iwe nzuri vipi, kwa sababu kamera inayochelewa inagonga watoto. Kipimo cha pili, itoe dukani uitazame juani, skrini nyingi ndani ya duka la Kariakoo zinang'aa vizuri, ukiiweka kwenye jua la saa saba inakuwa kioo cha kujitazama.

Ila niwaambie ukweli wangu, redio yenyewe ina makosa machache, mafundi ndio wana makosa mengi. Yangu ilifungwa jioni, nikarudi nyumbani nafurahi, watoto wanacheza nayo. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu napeleka watoto shule, nageuza funguo, tik tik tik, taa za dashibodi zinafifia. Nikaomba jirani tukabusti. Kesho yake tena. Nikamrudia fundi nikamwambia fungua nione, akafungua, nyuma ya redio nyaya ya njano na nyekundu zimesokotwa pamoja zimevikwa selotepu. "Kaka, huu wa akseso niliukosa, nikaunga zote direct." Hapo ndipo kosa lilipo. Ya njano ni moto wa kudumu wa kutunza kumbukumbu, nyekundu ni moto wa funguo, ndio huo wa akseso, ukiziunganisha redio hailali, inakula betri usiku kucha. Nilikaa naye pale mpaka tukaupata ule wa akseso kwa kutumia testa, akauunga unavyotakiwa, na tatizo likaisha hapo hapo.

Jingine linalotokea sana kwenye Toyota ni kamera. Kamera ya kiwandani inatumia volti 6, redio mpya inatoa 12, fundi asiyejua anaichomeka moja kwa moja inaungua, halafu anakwambia kamera yako ilikuwa mbovu nunua nyingine. Mwambie kabla hajashika bisibisi aweke kipunguza umeme. Antena ya GPS nayo, kale kamchemraba kenye sumaku, wanakatupia nyuma ya redio katikati ya vyuma, halafu ramani inakuonyesha uko barabara ya pili. Kapandishwe juu kwenye dashibodi karibu na kioo. Kama vioo vyako vina tinti yenye chembechembe za chuma jaribu sehemu mbili tatu kabla hajafunika.

Na vipimo. Redio za Toyota za Japani ni pana milimita 200, redio za kawaida za duniani ni kama 178, kwa hiyo ukinunua ya kawaida bila fremu unabaki na nafasi pembeni inayoingiza vumbi na kupiga kelele. Nunua kwa jina la gari na mwaka wake, pamoja na plagi zake za kuchomeka, usikubali nyaya za kiwandani zikatwe hata moja. Redio ya zamani ondoka nayo na plagi zake na kadi yake, usiiache kwa fundi kama shukrani, siku unauza gari kuna mnunuzi anataka gari ilivyotoka Japani.

Njia ya pili ni redio za kampuni zinazojulikana, Pioneer, Kenwood, Sony, Alpine, zenye CarPlay na Android Auto. Hizi nyingi hazina ramani ndani wala mambo mengi, skrini ni ndogo, inchi 7 hivi, na bei ni kubwa kuliko Android ya boksi. Sauti yake lakini haina mfano, simu inasikika vizuri unapoongea, inawaka haraka, haigandi. Mimi ningekuwa nakaa na gari miaka mingi ningechagua hii bila kufikiria mara mbili.

Njia ya tatu ni zile skrini za kubandika juu ya dashibodi, CarPlay ya kuhamishika, huchezi na nyaya, unachomeka kwenye soketi ya sigara tu. Sauti inapita kwa Bluetooth, waya wa AUX au kwa kurusha FM. Kwa gari ya Kijapani isiyo na ekspanda kumbuka kurusha kwenye masafa ambayo redio yako inayasoma, kati ya 87.5 na 90, ukirusha kwenye 101 hutasikia kitu utasema kifaa kibovu. Kwa mtu mwenye navi nzima ya kiwandani ambaye hataki kuivuruga hiki ni kitu kizuri sana, ubaya wake ni kwamba kinaonekana kutoka nje, ukiegesha Kariakoo au Mwenge unakibandua unaweka kwenye mkoba, kila siku, bila kusahau.

Njia ya nne ndiyo ya maskini na tajiri, simu kwenye holda. Usiidharau. Holda nzuri ya kubana kwenye tundu la kiyoyozi inafanya mambo mawili, simu inakaa usawa wa macho na hewa baridi inaipiga mgongoni. Hilo la baridi siyo mchezo, Apple wenyewe wanasema iPhone itumike kwenye hewa ya nyuzi 0 hadi 35, sasa ukiibandika kwenye kioo cha mbele Dar mwezi wa Februari huku inachaji na ramani imewaka, inapunguza mwanga, inaacha kuchaji, mwisho inakuandikia imepata joto na inakuacha njiani. Chaja iwe ya nguvu, ile ndogo ya bei ya maji ya kunywa inachaji polepole kuliko ramani inavyokula. Na kushika simu mkononi huku unaendesha ni hatari, na Kenya ni kosa kisheria, holda inakuokoa na hilo pia. Shida ya simu ni moja kubwa, inapopigwa simu ramani inafunikwa, na daima inapigwa mahali pa kukata kona.

Ramani yenyewe sasa, maana skrini bila ramani ni taa. Mjini Google Maps inatosha kwa mengi, hasa kwa foleni, Waze nayo inasaidia kwa wanaopenda kujulishwa tochi ya trafiki ya kupima mwendo iko wapi, ila fuata mwendo wa 50 kwenye vijiji hata kama haijakwambia. Mahali zote zinapochanganyikiwa ni kwenye barabara zilizopandana. Nairobi ile Expressway ya kilomita 27 iliyofunguliwa 2022 inafuata Mombasa Road na kwa vipande inapita juu ya barabara ya chini, simu inakuona uko kwenye mstari ule ule haijui uko juu au chini, inakwambia toka kushoto wakati kushoto kuna ukuta wa zege. Kwetu makutano ya Kijazi pale Ubungo yana ngazi tatu, fuata vibao pale, sauti iache iongee. Hapa hakuna skrini itakayokusaidia kwa sababu zote zinatumia ramani ile ile ya simu.

Vichochoroni ni habari nyingine. Ramani za OpenStreetMap, zile unazozipata kwenye Organic Maps au OsmAnd, kwenye baadhi ya mitaa yetu zinaonyesha njia ndogo ndogo nyingi mno, kwa sababu watu walizichora kwa miguu, Kibera vijana walianza 2009, na Dar mradi wa Ramani Huria ulianza 2015 ukiwa na wanafunzi wa vyuo na wananchi wakichora mitaa inayofurika, Tandale na kwingineko. Na hizi zinakaa ndani ya simu, hazitaki bando. Safari ndefu pakua zote mbili, Google kipande cha njia yako na moja ya hizi kama akiba, Dar mpaka Iringa mi huwa napakua nyumbani kwa waifai kabla sijatoka, kile kipande cha mbuga ya Mikumi mtandao umewahi kuniacha mara kadhaa. Wanaobeba watalii Serengeti na Ruaha mpaka leo wengi wana Garmin yenye ramani za Tracks4Africa, na wana sababu, kule ndani hakuna mnara, kifaa kina batani kubwa, na njia za mbugani zimo.

Bei nisiwadanganye zinabadilika kila kontena, lakini kwa nilivyokutana nazo Dar ekspanda ni elfu kadhaa tu, holda nzuri na chaja nzuri kwa pamoja haifiki laki, redio ya Android inayofanya kazi kweli inaanzia laki tatu na kitu na zenye nguvu zinapita laki sita, ukiongeza fremu, plagi na ufundi. Za kampuni zinapanda zaidi ya hapo. Nairobi, Luthuli na Kirinyaga Road wapo wa kila bei, tofauti ni fundi unayemkuta.

Kwa hiyo mimi ningekushauri hivi. Kama navi yako inafanya kazi, kadi imo, kamera inawaka, usiitoe, chomoa ETC, weka ekspanda, nunua holda ya tundu la kiyoyozi, na hela inayobaki badilisha matairi. Dereva wa Bolt au Uber naye asihangaike na Android, programu ya kazi iko kwenye simu, anahitaji holda imara na chaja tu. Kama navi imejifunga, kadi haipo, au skrini imekufa, usilipe hela nyingi kuifufua, hapo ndipo pa kufunga mpya, na kama mfuko unaruhusu chukua ya kampuni yenye CarPlay na Android Auto, kama hauruhusu chukua Android ya RAM ya kweli na ukae na fundi mpaka mwisho. Na kama bado hujanunua gari, ukipata uchaguzi kati ya mbili zinazofanana, chukua yenye Displei Odio, skrini ya kiwandani ya kuunganisha simu, zile Toyota zilizoanza nayo kwenye Corolla ya 2019 na kuendelea, kwa sababu nyingi zinakubali simu kutoka kiwandani, ila mwambie wakala akutumie video ya simu ikiwa imeunganishwa, siyo picha ya skrini imezimwa.

Ukiwa kwa fundi usiondoke hapo hapo baada ya kuona skrini imewaka. Zima gari, toa funguo, funga milango, subiri dakika kumi, chungulia kioo uone kama redio imelala kweli. Washa, weka rivasi, hesabu moja mbili. Piga simu mtu umwulize anakusikiaje. Halafu mwambie mtu nyumbani akutumie lokesheni WhatsApp, iguse mara moja, uone kama njia inatokea kwenye skrini bila wewe kuandika herufi hata moja. Gari yangu ya sasa navi yake ya Kijapani bado ipo, holda iko kwenye tundu la kiyoyozi, na saa bado inaniandikia saa ya mama.